Mguu wa Mnazareti

"Panda! Sukuma ngazi huko nyuma, ingia chini ya kitambaa, usimame kama mti!"

Eduviges hakungoja jibu. Alimwacha mwanawe Belarmino katikati ya kanisa, peku, anahema, akakimbilia mlango mkubwa ambao wanajeshi walikuwa wanaugonga kwa vitako vya bunduki. Miaka yote aliyofagia kanisa la Santa Rita hakuwahi kuukimbilia mlango namna ile.

Kosa la Belarmino lilikuwa moja tu. Ijumaa, kwenye Njia ya Msalaba, alisoma majina ya vijana waliotoweka, kila kituo na jina lake. Tangu hapo anawindwa kama sungura, na vijana waliowindwa kabla yake hakuna aliyerudi nyumbani.

Lakini ilikuwa wiki ya tano ya Kwaresima, na sanamu zote zilikwisha kufunikwa vitambaa vya zambarau, kichwani hadi nyayoni: Antoni, Yosefu, Yesu Mnazareti, na mwisho kabisa Mama wa Mateso. Jambo moja alilijua Eduviges na padri tu. Mnazareti hakuwepo. Alipelekwa kwa fundi Crescencio, mgongoni mwa nyumbu, kupakwa rangi kabla ya Juma Kuu, na kwa kuwa watu wa Santa Rita wangeangua kilio wakiona pako wazi, Eduviges alisimamisha pale ngazi ya kufutia buibui, akaifunika, akalifunga kanisa kwa kisingizio cha usafi. Nafasi ya mtu mmoja ilikuwepo.

"Fungua, bibi, ama tunauvunja!"

"Jamani, mimi mzee! Mnadhani miguu hii ni yenu?"

Kabla ya kuondoa komeo aligeuka. Belarmino haonekani, na kitambaa cha Mnazareti kilikuwa bado kinatikisika. Tulia, baba, aliomba moyoni. Tulia. Akafungua.

Waliingia kwa kishindo, mbele yao Sajenti Lisandro Quintanilla, ambaye jina lake lilitosha kunyamazisha mtoto anayelia.

"Yuko wapi mwanao?"

"Afande, mimi tangu asubuhi niko mtoni nafua vitambaa vya altare. Nimerudi sasa hivi. Hata mavi ya nyumbu nimeyakuta mabichi mlangoni mwa sakristia, sijayazoa."

"Nimeuliza mwanao, sikuuliza nyumbu!"

Askari wakacheka, wakatawanyika. Mmoja akabeba ngazi aliyoikuta sakristia, akapanda kwenye kengele. Mwingine, kijana mwenye chunusi, akachomoa singe na kuanza na sanamu. Akamchoma Antoni, kitambaa kikachanika, plasta ikadondoka. Akamchoma Yosefu. Eduviges alijikaza kisabuni. Kijana akasogea kwa Mnazareti, akainua mkono.

"Wewe!" Sajenti alifoka. "Huyo usimguse. Tokeni nje, nyote. Huyo namkagua mwenyewe."

Pale Santa Rita hupiti mbele ya Mnazareti bila kubusu kidole gumba cha mguu wake. Akiwa amefunikwa, unaingiza kichwa chini ya kitambaa, basi. Na Quintanilla, pamoja na ubaya wake wote, alizaliwa papo hapo. Alivua kofia, akalaza bunduki sakafuni, akapiga magoti. Kichwa kikapotea ndani ya zambarau.

Eduviges alishika benchi asianguke. Bora angekuwa yeye mle ndani, Mungu wangu, bora yeye.

"Ni mimi, Lisandro," sauti ilitoka kitambaani, ndogo. "Wa Tomasa, yule muuza tamale za mahindi. Sijui kama bado unanijua. Nimefanya mambo ambayo mama angenitemea mate. Silali. Kama hunitaki, hunitaki, lakini nimechoka."

Halafu mabega yakashtuka kama ya mtu aliyeshika moto.

Eduviges alisubiri yowe, alisubiri bunduki iokotwe. Lakini sajenti hakutoka. Alibaki pale pale, na kisha akaanza kulia, kilio cha mtoto, bila aibu.

Alipotoa kichwa, uso ulikuwa umelowa.

"Mama," alisema. Hakumwita bibi tena. "Mguu wake una joto."

Eduviges alijua yameisha. "Afande, nakuomba, kwa jina la mama yako..."

"Usiseme kitu." Aliokota kofia, akaipangusa kwa kiganja, akaipangusa tena. "Nilidhani kwangu mlango umeshafungwa. Kumbe bado." Akainua bunduki, akaishika kama kitu cha mtu mwingine. "Leo kivukoni sitaweka mlinzi. Wa kuvuka, avuke."

Akatoka. Nje ilisikika sauti yake ile ya siku zote: "Hamna mtu humu! Shuka huko kwenye kengele, mpumbavu wewe, twende!"

Eduviges alisubiri hadi viatu vilipoishia mbali, akatia komeo, akarudi mbio huku analia na kucheka.

"Shuka, baba! Shuka, tumepona!"

Akakivuta kitambaa kwa mikono miwili, kikaanguka chote. Mnazareti alikuwa anamtazama kwa macho yaliyopakwa rangi mpya. Eduviges akaushika mguu. Ulikuwa mguu wa mti, baridi, bado unanukia vanishi.

Pembeni, nyuma ya sketi pana za Mama wa Mateso, zambarau ikafunuka, na Belarmino akachungulia, buibui wamemjaa nyweleni.

"Nisamehe, mama," alinong'ona. "Nilifunua pale uliponiambia, nikakuta mwenyewe amesharudi."