Kikapu cha Mwisho wa Mwezi

Tangu Kibwana ahamishiwe mji mkubwa kuendesha treni, mshahara wake ulikuwa umepanda, lakini bei za huko zilimeza nyongeza yote. Kikapu kilichokuwa kikifurika kule walikotoka, hapa kilirudi kutoka sokoni hakijafika hata nusu.

Mwisho wa mwezi huu alimkuta mkewe langoni mwa soko, mchicha ukining'inia nje ya kikapu.

"Leo kimejaa, Baba Nunu," mkewe alisema.

Kibwana akakitazama. Kilikuwa kipya, tena kidogo kuliko kile cha zamani.

"Kimejaa kweli, Mama Nunu."

Akakipokea kwa mikono miwili, akatembea ameinama kama mtu aliyeelemewa. Mkewe akashika ncha ya kanga, akamfuta jasho ambalo halikuwapo.