Ubavu wa Sufuria

"Usicheke, utaniharibia baba yako," Adrienne alimwambia mtoto aliyekaa mbele ya sufuria.

Sufuria ilikuwa imesuguliwa kwa majivu mpaka inang'aa. Kwenye ubavu wake wa duara uso wa mtoto ulirefuka, mashavu yakapotea, ukawa uso wa mtu mzima. Adrienne aliuchora kwa makaa juu ya kipande cha katoni. Euphrasie, mama wa mtoto, alipoiona picha alijifunika kitenge usoni.

"Njo yeye, bwana yangu," alisema. "Njo yeye kabisa."

Wajane wengi waliohamia Shasha, kando ya ziwa, walikimbia vita bila picha hata moja ya waume zao. Adrienne naye alitoka Bihambwe na binti yake Kétsia na sufuria hiyo kichwani. Asubuhi moja Kétsia alipokuwa akiisugua, Adrienne aliona uso wa binti ukigeuka ndani yake kuwa sura ya Valentin, mume wake waliyepotezana naye njiani, sura aliyokuwa ameanza kuisahau. Aliichora hapohapo. Ilining'inia ukutani, na chini yake koti la Valentin la kahawia.

Koti hilo lililetwa miaka minne iliyopita na Généreuse, mfanyabiashara wa Kashebere anayenunua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani.

"Tulimuzika vizuri kwetu, dada," alisema akilia. "Lakini usiende kule. Barabara iko mubaya."

Adrienne hakwenda. Alivaa nyeusi, akakataa wanaume wawili. Généreuse akawa rafiki yake, akifikia kwake kila safari, siku hizi na mtoto mgongoni, Trésor, wa miaka miwili. Siku zote alikaa akiipa picha ya Valentin mgongo. Adrienne alidhani ni huruma.

"Leta Trésor nikuchorie baba yake. Bure," Adrienne alimwambia mara nyingi.

"Weye unachoraka wafu, dada! Bwana yangu iko muzima, anakula anamaliza fufu yote mu nyumba. Unataka kuniulia yeye?"

Wakacheka wote wawili.

Alhamisi moja lori lilipiga honi mapema. Généreuse alimwachia Adrienne mtoto, akakimbia kusimamia magunia yake ya sambaza. Trésor alilia sana. Ili anyamaze, Adrienne alimweka mbele ya sufuria. Mtoto alijiona, akagusa ubavu wa sufuria kwa kidole, akatulia.

Adrienne aliokota makaa. Itakuwa zawadi, alifikiri. Rafiki yake hatakasirika akiiona imeshamalizika. Mkono ulikwenda upesi kuliko siku zote. Paji la uso, nyusi, kidevu. Haukufuta hata mara moja.

Généreuse aliporudi akihema, Trésor alikuwa amelala mkekani. Ukutani palikuwa na picha mbili za mtu mmoja.

Adrienne alimpa koti, limekunjwa vizuri.

"Mupelekee," alisema. "Mvua iko mingi kule kwenu."