Chanzo cha Kuaminika

Mwalimu Munguti alipiga pasi shati lile lile mara ya pili, akajipulizia manukato shingoni, kisha akakumbuka kwamba anakwenda kuuliza habari za minyoo ya mbuzi.

"Kazi ni kazi," alikiambia kioo, meno yote nje.

Shuleni kwao, nje kidogo ya Kitengela, Munguti alikuwa mkono wa birika kwa alama. Insha ya utafiti ya Kidato cha Tatu ilisahihishwa kwa jumla ya alama ishirini, na hakuna aliyewahi kuvuka kumi na mbili. Kanuni zake alizirudia kila muhula akigonga meza: swali liwe moja, makundi mawili yalinganishwe, na aliyehojiwa awe mtu mwenye jina, anayepatikana. Walimu wengine husema hivyo wakaishia hapo. Munguti aliwasha pikipiki akamtafuta mtu huyo, amuulize ana kwa ana kama kweli alihojiwa. Tena insha moja, safari moja, asije akachanganya majibu. Akirudi tu, anasahihisha.

Muhula huu kulikuwa na kioja. Wanafunzi wa upande wa madirisha wote walikuwa wamemhoji Mzee Parmuat wa soko la mifugo la Kajiado. Wa upande wa ukuta, wote walikuwa wamemhoji Roda, mwenye agroveti, duka la dawa na vyakula vya mifugo, pale mjini Kitengela.

"Mmenakiliana!" Munguti aliwaka.

"Hapana, Mwalimu," alijibu Soipan, kiranja wa darasa, kwa upole mwingi. "Maswali ni tofauti, source ndiyo moja. Na marking scheme yako haijakataza."

Kweli haikukataza.

Basi akaenda Kajiado, malori yakimpepea vumbi njia nzima. Mzee Parmuat alimsalimu vizuri kwa Kimaasai: "Supa, Mwalimu!" Lakini hakuwa mtu wa kuharakishwa. Kwanza habari za mama, halafu mvua, halafu ng'ombe.

"Uko na ng'ombe ngapi?"

"Sina, Mzee."

"Hata moja? Na hao watoto wanakuamini aje?"

Mpaka mzee akubali kwamba ndiyo, mtoto alikuja na aliuliza vizuri, jua lilikuwa limemchoma Munguti hadi kwenye kisogo. Alirudi nyumbani, akatema vumbi, akaandika tisa. Safari nyingine ya huko, alimpa Koinet, naye wa upande wa madirisha, nane, eti mwandiko unaegemea.

Agroveti ilikuwa dunia nyingine. Roda alikuwa mwanamke anayeanza kucheka kabla mzaha haujafika mwisho. Alimwekea kigoda kando ya magunia ya chakula cha ng'ombe, akammiminia chai.

"Purity alikuja, aliniuliza mambo ya minyoo. Na wewe Mwalimu, leo umekuja kuuliza nini?"

"Nimekuja... kuhakiki."

"Basi hakiki pole pole. Chai iko na tangawizi."

Munguti alirudi akiimba ndani ya helmeti. Purity akapata kumi na sita. Aliyefuata akapata kumi na saba, na pembeni Munguti akaandika "Hongera!" kwa wino mwekundu, neno ambalo kalamu yake haikuwa imewahi kulijua.

"Hawa wa upande wa ukuta wako na akili!" alimwambia Mwalimu Aketch wakila githeri. "Sijui walikuwa wamejificha wapi."

"Dalili ya mvua ni mawingu," alisema Aketch, akainamia sahani, mabega yakimtikisika.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, ila Munguti alidhani anakohoa peke yake. Kila mara alifungua mdomo amwombe Roda watoke pamoja Jumapili baada ya kanisa, na kila mara mdomo ukauliza bei ya dawa ya kupe. Akainunua, aibu isimuue.

Kisha Ijumaa moja ikabaki insha moja tu, ya Soipan, aliyekuwa ameomba kuikabidhi baada ya wenzake wote kurudishiwa zao. Furaha yote ikamwishia miguuni. Insha zikiisha, ataingia dukani kwa sababu gani? Hakuwa na mbuzi, hakuwa na kuku, hata paka wa jirani alimkwepa. Alimpenda Roda, na hakuwa na ujasiri wa kwenda kwake bila insha mkononi.

Aliifungua akiomba iwe ya ng'ombe, bata, sungura, mnyama yeyote anayeumwa.

Kichwa kilisema: "Je, Furaha ya Msahihishaji Hupandisha Alama?"

Munguti akakaa chini. Insha zote za darasa, Soipan aliandika, zilisomwa kwanza na Mwalimu Aketch, kisha wanafunzi wakachagua zile tu alizozipa kumi na moja. Hizo zikagawanywa makundi mawili. Zilizosahihishwa baada ya safari ya Kajiado zilipata wastani wa tisa. Zilizosahihishwa baada ya agroveti zilipata wastani wa kumi na sita.

Masikio yalimwaka moto. Alishika kalamu nyekundu akatafuta kosa, kosa lolote. Swali lilikuwa moja. Makundi yalikuwa mawili. Akageuza ukurasa wa mwisho kwa pupa, akitumaini mtoto amesahau kuhoji mtu.

Hakuwa amesahau. "Chanzo: Bi. Roda, agroveti, Kitengela," alisoma. "Alipoulizwa maoni yake, alisema: 'Muhula mzima namngoja huyo mwalimu aniulize kitu kimoja kisichohusu mifugo. Jibu ni ndiyo.'"