Mara ya Kumi na Tatu

Kitindamimba aliiamuru kompyuta itafute maneno "mke wangu" katika mswada wa kumbukumbu za maisha ya marehemu baba yake, na kuyakoleza kila yalipo. Ikajibu: mara kumi na tatu. Yeye alihesabu tena na tena, akapata kumi na mbili. Mashine haikuwa na sababu ya kusema uongo.

"Mwanangu, mchapaji anangoja," mama alisema.

Kitindamimba akaamuru herufi zote ziwe nyeusi. Kwenye ukurasa wa tisa, uliokuwa mtupu, maandishi meupe yakageuka meusi: "Mke wangu wa kwanza hakufa. Nilimdanganya mama yenu ili anikubali."

Kidole kiliganda juu ya kitufe cha kufuta. Baba aliyaficha yasionekane, au aliyaweka yaonekane?

Mama akavaa miwani. "Huo ndio ukurasa ambao baba yenu alisema ameniachia wazi? Hebu sogea."