Siku Tatu za Kiranja

Kiranja, sauti iliyowapangia kazi wasambaza vifurushi wote wa Tanga, haikuwahi kumpa Siwema hata siku moja ya mapumziko. Ilijua mvua itanyesha mtaa gani na mteja gani ameamka na hasira, na Siwema aliistaajabia kama mtu anavyostaajabia nyota.

Jumatatu asubuhi ikamwambia kwa upole kupitia kofia yake ya pikipiki: "Kuanzia Alhamisi, pumzika siku tatu. Hujaomba, lakini utazihitaji."

Akakimbilia uani, alikokuwa mama yake, Bi Kidawa, akikuna nazi huku akiimba.

"Mama! Kiranja kanipa siku tatu!"

"Wee! Dude lile leo limeingiwa na huruma? Mbona tatu?"

"Sijui. Aliyewahi kupewa tatu ni Tabu mwenzangu wa kazi peke yake, za matanga ya..."

Mbuzi ya nazi ikaacha kukwaruza. Hapo nyumbani waliishi wao wawili tu.

Polepole akavua kofia, akaiweka chini, akaketi karibu kabisa na mama yake.

"Leo siendi kazini, mama."

"Najua," kofia ikajibu kutoka sakafuni. "Vifurushi vyako nimeshampa Tabu."