Shokapu Fupi

Deodatha, mkunga wa zahanati, aliikalia baiskeli ya milimani, akashusha mguu polepole. Alishaanguka nayo mara mbili, kwa kuwa miguu yake mifupi haikufika chini. Kama angeanguka tena, mganga mfawidhi wa zahanati angempa mtu mrefu baiskeli hiyo, naye angerudi kuwafuata wajawazito kwa miguu.

Fundi alikuwa amefunga nyuma shokapu fupi, ile springi ya kupunguza mtikisiko, baiskeli ikaketi kama mbwa.

Soli nzima ya kiatu chake ikagusa vumbi.

"Umerefuka, mama!" fundi alicheka.

Akaendesha kidogo, pedali ikagonga jiwe, nusura imwangushe.

"Kumbe pedali nazo zimeshuka," fundi alisema kwa unyonge. "Nirudishe ile ndefu?"

"Ngoja kwanza." Deodatha alizungusha pedali kinyumenyume, akizitazama zikipanda na kushuka. Akazilaza zote mbili usawa mmoja ili zisiguse mawe, akaiachia baiskeli ishuke yenyewe mteremko wa Kiruruma.