Gauni la Mwisho

Mama alishika mkasi juu ya gauni la mwisho la binti yake.

Tangu wamzike, alikuwa akikata nguo za marehemu kuwa vipande vya mraba na kushona blanketi. Kipande cha kwanza alikizungushia vinane, na hivyo vinane akavizungushia kumi na sita, na kila mzunguko ukala nguo nyingi kuliko uliotangulia. Sasa kabati lilikuwa tupu, na blanketi lilifika nusu tu ya upana wa kitanda.

“Mdogo wangu, halitatosha,” alisema dada yake, mwalimu wa hesabu. “Upana ukiwa mara mbili, na urefu pia, vipande vinakuwa mara nne. Umebakiza mara tatu ya hivi ulivyoshona. Gauni moja litafika wapi?”

“Uchungu wa mwana usinipigie hesabu, dada!”

Machozi yakamlengalenga dada.

Mama akalibana gauni usoni. Kwapani bado lilikuwa na harufu ya mwanawe. Alivuta pumzi mpaka kifua kikamuuma, kisha akalirudisha kabatini.

Akavua gauni alilovaa yeye mwenyewe, akaanza kulikata.